Tangi Tupu la Petroli Ni Hatari Kuliko Lililojaa

Magari ya zamani kama Peugeot 504 na Datsun 1200 yana matangi ya bati ambayo hushika kutu kwa ndani kadiri miaka inavyosonga. Dalili zake ni chujio la mafuta kuziba kila mara, gari kuzimika likipanda mlima, na harufu ya petroli upande wa nyuma.

Baadhi ya wenye magari humwaga mafuta, kisha hulipeleka tangi moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea wakidhani limekuwa salama. Sivyo. Kinachowaka si petroli ya majimaji bali mvuke wake unapochanganyika na hewa. Mvuke wa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 hewani unatosha kulipuka, na tangi lililomwagwa lina nafasi tele ya mchanganyiko huo. Cheche moja inatosha kuua.

Kabla ya kuanza

Kazi ifanyiwe nje penye upepo, kamwe si juu ya shimo la gereji, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini. Sigara, jiko na mashine ya kukata chuma viwe mbali. Mtungi wa kuzima moto wa poda uwe karibu.

Kulishusha tangi

1. Injini ipoe, kisha waya wa hasi wa betri utolewe.
2. Mafuta yanyonywe kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo, na kuwekwa kwenye mtungi wa mafuta wenye kifuniko.
3. Gari liinuliwe na kuegemezwa kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.
4. Mabomba ya mafuta na ya hewa pamoja na waya za geji yawekewe alama, kisha yafunguliwe.
5. Tangi lishikiliwe kwa jeki na ubao, bolti zilegezwe, lishushwe polepole.

Kulisafisha

Takataka zimwagwe, kisha tangi lioshwe mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni. Kutu nyepesi huondolewa kwa siki nyeupe inayoachwa ndani kwa siku moja. Baadaye lisuuzwe kwa maji yenye magadi ya kuokea na likaushwe haraka, lisishike kutu upya.

Hata baada ya kuoshwa hivyo, lisichomelewe. Petroli hujificha kwenye kutu na maungio, na joto huigeuza mvuke tena. Tangi lililotoboka libadilishwe, au lipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi na vifaa vya kuondoa mvuke wote.

Kulirudisha

Mabomba ya mpira, klipu na chujio viwe vipya. Ziwekwe lita chache kwanza, na kila kiungo kikaguliwe kama kinavuja kabla ya betri kuunganishwa.

Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni wala mtoni. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji.

Moto ukizuka, watu waondoke kwanza, kisha wapige simu 999 au 112. Tangi hununuliwa lingine, maisha hayanunuliwi.