Mahojiano ya Kazi ya Programu: Jizoeze Kuwaza kwa Sauti

Kijana wa Nambale, kaunti ya Busia, aliyesomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Alupe au cha Masinde Muliro anaweza leo kuhojiwa na kampuni ya Nairobi, Kampala au Berlin bila kupanda matatu. Mlango uko wazi, lakini wengi hukwama kizingitini ilhali ujuzi wanao. Simulizi zao hufanana: swali walilielewa, wakainamia skrini kimya, dakika zikayoyoma, na mhojaji akabaki bila cha kupima. Asichokisikia hawezi kukipa alama. Kwa hiyo, pamoja na kuandika programu, zoea kueleza unachowaza.

1. Zijue hatua mapema

Aghalabu mahojiano huanza na simu fupi ya afisa wa ajira. Hufuata jaribio la mtandaoni lenye muda maalumu, kwenye majukwaa kama HackerRank au Codility. Kisha utaandika programu kwa video mbele ya mhandisi, na mwisho uulizwe jinsi ya kubuni mfumo na jinsi unavyofanya kazi na wenzako. Simu ya kwanza ikija, uliza: hatua ni ngapi, kila moja huchukua muda gani, na ninaruhusiwa kutumia lugha gani ya programu? Kuuliza si ujinga.

2. Usiguse kibodi kabla ya kuuliza

Tuseme umepewa orodha ya malipo na kuambiwa utafute mawili ambayo jumla yake ni shilingi 1,000. Uliza kwanza: je, kiasi kimoja kinaweza kujirudia? Kama hakuna jozi kama hiyo, programu irudishe nini? Orodha ina urefu gani?

Kisha taja njia rahisi hata kama ni ya polepole: kulinganisha kila malipo na mengine yote. Eleza gharama yake. Kwa malipo 10,000, huo ni ulinganishaji unaokaribia milioni 50. Ndipo upendekeze njia bora: pitia orodha mara moja tu, na kila ukifika kwenye malipo, angalia kama kiasi kinachokamilisha 1,000 umeshakiweka kwenye jedwali; kama hakipo, weka haya uliyo nayo na usonge mbele. Utakuwa umepunguza kazi kwa kutumia kumbukumbu kubwa zaidi ya kompyuta. Liseme hilo wazi, kwa sababu ndilo mhojaji analosubiri kusikia. Ukimaliza, ijaribu programu yako kwa mfano mdogo, mstari kwa mstari, kabla hujaambiwa.

Ukikwama, sema umekwama wapi na unafikiria kujaribu nini. Mhojaji mwema atakupa dokezo. Lipokee na ulifanyie kazi.

Mahojiano mengi huwa kwa Kiingereza, na wengi wetu huwaza kwa Kikhayo, Kiteso au Kiswahili. Kulijua jambo na kulieleza kwa lugha nyingine ni stadi mbili tofauti, na hiyo ya pili hupatikana kwa kuzoeza mdomo. Jirekodi kwa simu ukieleza suluhisho moja, kisha jisikilize.

3. Jenga uzoefu kutokana na mpaka

Mwaka 2019 Andela, kampuni inayowapatia wateja wahandisi wa programu, iliwaachisha kazi wahandisi chipukizi takriban 400 Nigeria, Kenya na Uganda, ikieleza kwamba wateja wake walitaka wenye uzoefu. Anayeanza sharti aonyeshe kitu alichokijenga mwenyewe.

Huku kwetu, mpakani mwa Kenya na Uganda, kazi haikosekani. Mtengenezee mfanyabiashara wa Busia daftari la mauzo linalopokea shilingi ya Kenya na ya Uganda. Utalazimika kuamua kama kiwango cha kubadilisha fedha kinahifadhiwa pamoja na kila mauzo au kinabadilika baadaye. Utagundua kwamba kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali za kawaida haipati 0.3 kamili, hivyo fedha huhifadhiwa kama senti, kwa nambari kamili. Ukiliunganisha na M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa, utakutana na swali zito: mtandao ukikatika katikati na ombi likatumwa tena, utahakikishaje mteja hatozwi mara mbili? Mtu aliyelitatua hilo sokoni ana la kusema akiulizwa kuhusu kubuni mifumo.

4. Panga siku yenyewe

Chaji laptopu na simu usiku uliotangulia. Stima haina miadi. Weka bando kwenye laini mbili za kampuni tofauti. Ukiwa Busia au Malaba, simu huweza kurukia mtandao wa Uganda, basi chagua mtandao wa Kenya kwa mkono kwenye mipangilio.

Hakikisha saa. Saa nne asubuhi (10:00) ya London ni saa saba mchana kwetu wakati wa baridi kwao, lakini ni saa sita kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba. Mtumie mhojaji namba ya simu mapema, na mtandao ukipotea mjulishe mara moja.

5. Baada ya mahojiano

Jioni hiyohiyo andika maswali yote unayoyakumbuka, na kesho uyatatue upya bila msaada. Ukikataliwa, omba maoni mara moja, kwa adabu. Wasipojibu, endelea na maombi mengine. Kimya chao hakipimi uwezo wako.

Usimlipe yeyote ili uhojiwe. Na kumbuka kwamba marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Ajira ya Kenya yanamruhusu mwajiri kudai vyeti vya uidhinisho, kama cha mwenendo mwema, pale tu anapokusudia kukupa mkataba wa maandishi. Ada za vyeti hivyo ni fedha ambazo mtafuta kazi hapaswi kuzimwaga kabla ya wakati.

Tafuta mwenzako mmoja anayetafuta kazi kama wewe. Kila wiki hojianeni kwa zamu, dakika 45 kila mmoja, na anayehoji aandike kila mahali mwenzake aliponyamaza. Wiki inayofuata, anzeni na sehemu hizo.