Ubao Mama Ukiharibika: Kutengeneza au Kununua Kompyuta Nyingine?

Kompyuta ya mezani isiyowaka haimaanishi daima kwamba ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, umekufa. Kabla ya kulipia ubao mwingine, mlaji amtake fundi aonyeshe sababu. Pawa saplai ijaribiwe kwa kuwekewa nyingine iliyo nzima. RAM itolewe, isafishwe na kurudishwa. Betri ndogo ya CR2032 ikiisha, saa na tarehe hupotea, lakini ubao huwa mzima. Majaribio hayo yakishindikana, au kapasita zikionekana kuvimba vichwani, ndipo ubao ushukiwe.

Gharama zinazofuatana

Ubao mama hufungamana na prosesa, RAM na kasha. Tuchukue mfano wa kompyuta yenye prosesa ya Intel Core i5-3470 ya mwaka 2012. Prosesa hiyo hukaa katika soketi ya LGA 1155 na hutumia RAM ya DDR3. Ubao wa kisasa hauipokei, wala DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4 au DDR5. Mlaji ana njia mbili tu: kutafuta ubao wa aina ileile, ambao aghalabu umekwishatumika, au kununua ubao, prosesa na RAM kwa pamoja. Aidha, baadhi ya kompyuta za kampuni kubwa zina ubao wa umbo la pekee usiokubali mbadala wa kawaida.

Tena, Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huhitaji, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Prosesa ya mfano wetu ni ya kizazi cha 3. Hivyo jumla ya vipuri na ufundi ilinganishwe na bei ya kompyuta iliyotumika ya kizazi kipya zaidi. Zikikaribiana, kutengeneza hakuna faida.

Kumbukumbu zako

Kuharibika kwa ubao hakufuti diski. Picha za familia na hesabu za duka huweza kunakiliwa kwa kuifunga diski kwenye kompyuta nyingine. Kazi hiyo itangulie matengenezo, na fundi asiruhusiwe kufuta diski bila idhini yako. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta mapema ufunguo wake wa kurejeshea. Bila huo, ubao mpya hautakufungulia kilichomo.

Makubaliano kabla ya kazi

Tunamshauri mlaji apate kwa maandishi:

- aina na namba ya ubao, na kama ni mpya au umetumika;
- bei ya kipuri na gharama ya ufundi, kila moja peke yake;
- muda wa dhamana na nani atakayeitimiza;
- ahadi ya kurudishiwa ubao wa zamani.

Dai risiti siku hiyohiyo na uitunze. Mzozo ukizuka, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako.