Betri za Pikipiki na Kazi za Vijana Wetu

Tangu kampuni ya Roam ifungue kiwanda kipya cha pikipiki za stima hapa Nairobi mwaka 2023, vijana wa Kayole na Umoja wanatuuliza: kazi iko? Kiwanda kilipangwa kuunda hadi pikipiki 50,000 kwa mwaka. Lakini tuelewane: seli za lithiamu zatoka ng'ambo, hapa zinaunganishwa, zinapimwa na kufungiwa sandukuni. Kwa hivyo anayetaka kazi hiyo asome ufundi wa stima, afanye mtihani wa gredi wa NITA. Asijifunzie kwa bisibisi! Seli zikigusanishwa vibaya hushika moto. Fundi wetu wa Kariobangi naye ajipange mapema, maana pikipiki hizi hazina plagi, kabureta wala oili ya injini.