Kosa Lisilojitangaza: Namna ya Kulinda Data Iliyohifadhiwa

Daftari la karatasi likilowa maji, karani huona mara moja kuwa maandishi yamefutika. Katika kompyuta mambo si hivyo. Tarakimu moja yaweza kugeuka, na hesabu nzima ikaendelea kusomeka kana kwamba haina dosari. Kwa benki, hospitali au baraza la mitihani, kosa la namna hii ni hatari kuliko diski iliyoungua.

Biti na thamani yake

Kila data katika kompyuta huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila tarakimu huitwa biti. Katika namba, biti ya kwanza kutoka kulia ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, na kuendelea hivyo hadi ya kumi na tatu, yenye thamani ya 4096.

Mnamo tarehe 18 Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja huko Schaerbeek alionekana kupata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Kura zilipohesabiwa upya kutoka katika kadi za wapiga kura, tofauti ilikuwa 4096 kamili. Wataalamu hawakukuta kosa katika programu. Maelezo waliyoyaona kuwa ya kuaminika zaidi ni kwamba biti moja iligeuka yenyewe. Kosa hilo liligunduliwa kwa sababu tu lilivuka mpaka wa akili. Lingaliongeza kura 64, huenda lingalipita bila kuonekana.

Biti ya shahidi

Njia nyepesi ya kugundua kosa ni kuongeza biti moja ili idadi ya tarakimu 1 iwe shufwa daima. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza namna ya kutumia kanuni hiyo katika kundi la diski. Mfano:

Diski A: 1 0 1 1
Diski B: 0 1 1 0
Diski C: 1 1 0 0
Diski D: 0 0 0 1

Diski D ni shahidi: katika kila safu ya wima, idadi ya tarakimu 1 ni shufwa. Diski B ikiungua, yote yaliyokuwamo hupatikana kwa kujaza tarakimu zinazorudisha shufwa, yaani 0110.

Diski inayosema uongo

Tuseme sasa kwamba diski B haikuungua, bali inasomeka 0111. Safu ya nne ina tarakimu 1 tatu, yaani witiri. Basi kosa lipo. Lakini ni diski ipi yenye kosa? Shahidi peke yake hawezi kujibu.

Kwa hiyo kila fungu la data hufanyiwa hesabu maalumu, na jibu lake, liitwalo jumla ya uhakiki, huhifadhiwa mbali na fungu lenyewe. Fungu linaposomwa, hesabu hurudiwa. Majibu yakitofautiana, diski yenye kosa hujulikana, na shahidi huitumika kuisahihisha. Jumla ya uhakiki humtambua mkosaji. Shahidi hurudisha kilichopotea. Kila kimoja humhitaji mwenzake.

Mabadiliko ya makusudi

Mtu mwenye hila aweza kubadili data na kuikokotoa upya jumla yake. Kinga yake ni kutumia hesabu ngumu kughushi, kama SHA-256 iliyotangazwa Marekani mwaka 2001, na kuliweka jibu mahali asipoweza kulifikia. Tena nakala za akiba zihifadhiwe za siku nyingi, wala zisiruhusu kuandikwa juu yake. Nakala moja inayofutwa kila usiku ili kuandikwa upya hunakili hata kosa la jana.

Maswali

1. Diski A ina 1001, B ina 0011, D ya shahidi ina 0100. Tafuta yaliyokuwa katika diski C iliyoungua.
2. Biti mbili za safu moja zikigeuka pamoja, kwa nini shahidi hagundui kosa?
3. Kwa nini jumla ya uhakiki isihifadhiwe ndani ya fungu lile lile inalolilinda?