Watoto wa Mbwa Wapewe Watu wa Namna Gani?

Mbwa jike huchukua mimba kwa muda wa siku 63 hivi, naye aweza kuzaa watoto sita au zaidi kwa mara moja. Siku za kwanza nyumba nzima hufurahi. Baada ya majuma machache watoto hao huanza kula, unga hupungua upesi, na hapo ndipo watu wengi hufanya kosa ambalo twataka kulieleza leo.

Mwenye mbwa huwatia wote katika gunia, huenda nao sokoni, na kumpa kila anyooshaye mkono. Wanaobaki huwaacha karibu na bucha, kisha hurudi kwake akidhani kazi imekwisha. La, haikwisha. Mbwa asiye na mwenyewe hana wa kumpeleka kuchanjwa. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa kandokando ya Nairobi, na mpaka leo hakijatoka nchini. Mtu akiisha kuonyesha dalili zake, ni nadra mno kupona. Shirika la Afya Ulimwenguni laeleza kwamba katika kila watu 10 waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wa gunia hawamo katika hesabu hiyo.

Basi, yafaa kufanya nini? Kwanza, usimtoe mtoto wa mbwa kabla hajatimiza majuma manane. Katika michezo na ndugu zake hujifunza kutouma kwa nguvu, maana akizidisha, mwenziwe hulia na mchezo hukoma. Aliyetengwa mapema hukosa somo hilo. Muda huo huo apewe dawa ya minyoo, kuanzia juma la pili, kwa maana mayai ya minyoo yake hukaa katika udongo ambamo watoto wetu huchezea.

Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa atimizapo miezi mitatu. Maana yake ni kwamba mara nyingi mpokeaji ndiye atakayempeleka kwa daktari wa mifugo, wala si wewe. Kwa hiyo tabia ya mpokeaji ni jambo kubwa kuliko yote.

Mzee mmoja jirani yetu alijiwa na kijana aliyetaka dume.

“Atalala wapi?” mzee akauliza.

“Nitamfunga mnyororo mchana na usiku, mzee, apate kuwa mkali.”

“Basi, mwanangu, mbwa wa namna hiyo sina.”

Kijana alikasirika, lakini mzee alikuwa na haki. Mbwa wa kufungwa daima huwa na hofu, na siku mnyororo ukatikapo humuuma wa kwanza amwonaye. Mkaaji wa mjini aulizwe kama mwenye nyumba yake amekubali. Na mahali pa wafugaji, kama Turkana, mpokeaji aahidi kutompa mbwa maini na mapafu mabichi yenye uvimbe wa maji, kwani humo hutoka tegu ambaye mayai yake humletea mtu uvimbe kama huo tumboni.

Majike ndio wenye taabu. Kila mtu ataka dume, nao hubaki wakatupwa njiani, kisha twashangaa mbwa wasio na wenyewe wanatoka wapi! Mwulize daktari wa mifugo juu ya kumfunga kizazi mama yao. Gharama yake hulipwa mara moja tu, lakini unga huliwa kila mzao.

Mwambie mpokeaji waziwazi kwamba akichoka amrudishe kwako, asimtupe. Baada ya miezi miwili, mtembelee, uombe kuonyeshwa cheti cha chanjo. Na yeyote akiumwa, hata na mbwa mdogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile.