Mpamba Mwitu na Wadudu Wake: Somo la Kuchunguza Nje ya Darasa

1. Utangulizi

Walimu wengi wanapofika kwenye mada ya mimea yenye sumu huimaliza kwa neno moja: "Msiiguse." Onyo hilo ni la lazima, lakini peke yake halitoshi. Mtoto wa darasa la nne huja shuleni na kanuni zake alizojifunza nyumbani na sokoni. Amemwona mama yake akichagua fungu la mchicha lenye majani yaliyotobolewa na wadudu, kwa kuwa matundu yale humpa matumaini kwamba bustani haikunyunyiziwa dawa. Mtoto huyo akikuta jani nene la porini lililoliwa nusu na kiwavi, huenda akafikiri vilevile: mdudu amekula wala hakufa, basi jani hili ni salama. Kanuni iliyomfaa sokoni inaweza kumponza uwanjani.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanachuo kuisahihisha kanuni hiyo kwa njia ya uchunguzi, si kwa amri. Tumechagua mpamba mwitu kwa sababu ni mmea unaopenda ardhi ya mchanga na mahali palipoachwa bila kulimwa. Mwanachuo atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha Kipawa, Temeke au Kinondoni na auulizie kwa wenyeji, autafute penye kifusi, kandokando ya njia na katika viwanja vitupu, kabla hajaandaa somo.

2. Mmea wenyewe

Mpamba mwitu ni wa jenasi iitwayo Calotropis. Majani yake ni mapana na manene, hukaa mawilimawili yakielekeana, na rangi yake ya kijani imefifia kama iliyopakwa majivu. Tunda lake limevimba, lakini ukilipima kwa mkono ni jepesi. Likikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye nyuzi laini zinazopeperushwa na upepo. Ndiyo asili ya jina la mmea.

Spishi mbili zinajulikana zaidi. Calotropis procera, yenye asili ya Afrika na magharibi mwa Asia, ina maua meupe ambayo ncha za petali zake ni za zambarau na zimesimama. Calotropis gigantea, iliyotoka Asia, ina maua makubwa zaidi na petali zake hujikunja kuelekea nyuma. Kwa somo hili zote mbili zafaa.

Ukivunja jani au kikonyo, utomvu mweupe kama maziwa hutiririka mara moja. Ndani yake mna sumu za moyo, ziitwazo na wataalamu kadenolaidi. Ni za kundi moja na sumu ya msunguti, mti ambao wawindaji wa Afrika Mashariki waliupikia sumu ya mishale. Namna zinavyodhuru inaeleweka vizuri. Kila seli ya mnyama ina pampu ndogo ya kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Kadenolaidi huinasa pampu hiyo na kuizuia isifanye kazi. Msuli wa moyo huvurugika, na mapigo hupoteza mwendo wake. Ndiyo maana mifugo mingi huuacha mpamba mwitu umesimama hata mahali ambapo majani mengine yamekwisha.

3. Wadudu wanaoishi juu yake

Pamoja na sumu hiyo, mmea huu una wageni wake. Chini ya majani machanga hukaa vidukari wa manjano wenye miguu myeusi, spishi ya Aphis nerii, wakinyonya utomvu wa mmea. Lakini mgeni anayefaa zaidi kwa somo ni kiwavi wa kipepeo Danaus chrysippus.

Kiwavi huyu ana mistari myeusi, myeupe na ya manjano inayouzunguka mwili wake, na jozi tatu za vipapasi vyeusi mgongoni. Hajifichi. Mama yake hutaga mayai moja moja, aghalabu upande wa chini wa jani. Katika joto la pwani, yai hadi kipepeo huchukua kama mwezi mmoja, na pupa yake huning'inia ikiwa na vidoa vinavyong'aa kama dhahabu.

Je, kwa nini hafi? Uchunguzi juu ya ndugu yake wa Amerika, Danaus plexippus, umetoa jibu. Pampu ya sodiamu katika mwili wake imebadilika umbo kidogo, hata sumu haiwezi kuinasa barabara. Zaidi ya hayo, kiwavi huiweka sumu mwilini, nayo hubaki hata awapo kipepeo. Katika miaka ya 1960 Lincoln Brower wa Marekani alionyesha kwamba ndege wa jamii ya kunguru akimla kipepeo wa namna hiyo hutapika, na baadaye humkataa kwa kumwona tu. Rangi kali basi ni tangazo: mimi si chakula.

Tangazo likiaminika, hupatikana wa kuliiga. Danaus chrysippus ana mabawa ya rangi ya chungwa. Wengine wana ncha nyeusi yenye madoa meupe, wengine hawana. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, hufanana naye mno, ingawa viwavi wake hula mimea mingine kabisa. Dume lake halimwigi mtu: ni jeusi lenye madoa makubwa meupe. Mwigo wa aina hii ulielezwa kwanza na Henry Walter Bates mwaka 1862, kutokana na vipepeo wa Amazoni. Hapa kwetu ulichunguzwa na David A. S. Smith, aliyechapisha matokeo yake kuhusu vipepeo hawa wawili wa Tanzania katika jarida la Nature mwaka 1973. Wanachuo na wajue kwamba sayansi hii imefanyiwa kazi katika nchi yao wenyewe.

4. Mpango wa somo

Darasa: la Nne au la Tano. Muda: vipindi viwili, kisha dakika chache kila siku kwa muda wa mwezi mmoja.

Shabaha: Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze (a) kuutambua mpamba mwitu bila kuugusa, (b) kueleza kwa nini chakula cha mdudu si lazima kiwe chakula cha mtu, (c) kuandika taarifa ya alichokiona kwa mpangilio.

Zana: kamba ya kuzungushia mmea, daftari, penseli, ndoo ya maji safi.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aandike ubaoni swali hili: "Jani lililotobolewa na wadudu ni salama kuliwa?" Wanafunzi wajibu na watoe sababu. Mwalimu asisahihishe bado. Ayaandike majibu yote, hata yale yanayokosea.

Hatua ya pili. Wanafunzi watoke kwa makundi ya watu sita. Darasa likiwa kubwa, kama yalivyo mengi mjini, kundi moja lichunguze huku mengine yakichora chini ya mti. Kamba iwekwe hatua mbili kutoka kwenye mmea. Kazi ya macho ni hii: Wadudu wangapi wanaonekana? Rangi zao ni zipi? Wako sehemu gani ya mmea? Je, kiwavi hung'ata mshipa wa jani kabla ya kula? Swali hili la mwisho ni zuri, kwa maana ndugu wa kiwavi huyu huko Amerika hufanya hivyo ili kuupunguza utomvu.

Hatua ya tatu. Darasani, makundi yalinganishe hesabu zao. Zikitofautiana, mwalimu asichague mshindi. Wajadili sababu, kisha watoke tena wahesabu upya.

Hatua ya nne. Mwalimu arudi kwenye swali la ubaoni. Awaongoze wanafunzi kugundua kwamba matundu ya mchicha hueleza jambo moja tu, tena kwa kukisia: huenda dawa haikupigwa. Kwamba mchicha ni chakula tulilijua tangu awali, wala si mdudu aliyetufundisha. Mdudu hujijulia chakula chake. Mwili wake si mwili wetu.

Hatua ya tano. Wanafunzi waandike sentensi tano wakianza na neno "Niliona", na sentensi mbili wakianza na "Nadhani". Kutenganisha hayo mawili ndio mwanzo wa sayansi.

5. Tahadhari

Utomvu ukiingia jichoni huweza kuidhuru konea na kuleta ukungu wa macho, wakati mwingine bila maumivu makali, hata mtoto akanyamaza. Jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika kumi na tano, kisha mtoto apelekwe zahanati hata kama anasema amepona. Kiwavi naye asishikwe. Baada ya somo wote wanawe mikono kwa sabuni.

Swali la kuukata mmea au kuuacha lisiamuliwe na mwalimu peke yake. Ukiwa mahali wanapochezea watoto wa darasa la awali, tunashauri ukatwe, na akate mtu mzima aliyejikinga mikono na macho. Ukiwa pembeni, na Mwalimu Mkuu akiridhia, uachwe ndani ya kamba. Mmea uliofyekwa kabla watoto hawajafundishwa kuutambua hauwalindi: kesho wataukuta mwingine njiani, hapana mwalimu wala kamba.

6. Maswali kwa wanachuo

(1) Taja mmea mwingine wenye sumu katika mtaa wa shule yako ya mazoezi, na namna utakavyowaonyesha wanafunzi kwa usalama. (2) Mwanafunzi akisema, "Bibi hutumia mmea huu kama dawa," utamjibuje bila kumvunjia bibi heshima na bila kumhatarisha mtoto? (3) Tunga swali moja kuhusu vipepeo wawili wanaofanana ambalo haliwezi kujibiwa ila kwa kuangalia.