Kompyuta Inapopiga Hodi Bila Kujibiwa

Siku hizi hesabu ya dawa za hospitali yaweza kupelekwa bohari na kompyuta yenyewe, usiku, watu wamelala. Yapiga hodi kwa kompyuta ya bohari, yatoa hesabu, yapewa jibu. Ikikwama, asubuhi bohari yatazama hesabu ya juzi, na dawa zapelekwa pasipo na haja.

Wengi husema, "Mtandao mbovu," wakaishia hapo. Lakini yafaa kwanza kujua hodi ilifika wapi. Jina la seva lisipogeuzwa kuwa anwani ya namba, hodi haikupigwa kabisa. Tena kukataliwa na kunyamaziwa si mamoja. Ikikataliwa papo hapo, mara nyingi mashine ipo, ila programu yake haiko kazini. Ikinyamaziwa mpaka muda wa kungoja uishe, huenda ukuta wa ulinzi umeumeza ujumbe njiani.

Linalowashangaza watu zaidi ni cheti, ambacho kwacho seva hujitambulisha. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda cheti kikuu kiitwacho DST Root CA X3, ambacho kompyuta nyingi za zamani zilikitegemea kuvitambua vyeti vya Let's Encrypt. Seva zilizokuwa nzima zikakataliwa. Kasoro hasa ilikuwa kwa mpiga hodi, asiyekuwa na cheti kipya, ISRG Root X1, au mwenye programu kuukuu isiyojua kukifuata. Hata saa ya mashine ikienda vibaya, cheti kizuri huonekana kimekwisha. Wako wanaozima ukaguzi wa cheti ili kazi ipite. Huo si ufundi, ni kumkabidhi mgeni yeyote barua za hospitali.

Jibu likija, lina namba. 401 maana yake hukutambulikana. 403, huna ruhusa. 404, hakuna kitu hapo. Zianzazo na 4 zatutaka tulitazame ombi letu, na zianzazo na 5 zaonyesha kosa la upande wa pili.

Hatari kubwa ni jibu kupotea baada ya ombi kufika. Bohari imekwisha kuandika chupa 200. Kompyuta yetu, isiyojua, yarudia, na chupa zawa 400. Kwa hiyo kila ombi lipewe namba yake ya pekee, na linaporudiwa liende na namba ile ile, ili bohari ilitambue isiliandike tena.